Karibu ya Bi Mahbuba

Mtu wa Unguja hali bila kukaribisha, hata awe anakula peke yake na mtu kapita dirishani. Ndiyo maana mchana ule, pale Azaiba, ugenini kwa mwanawe, simu ya Taghreed, mke wa mwanawe, ilipopokewa kwa spika na yeye ana pilau mbele yake, Bi Mahbuba aliropoka kwa mazoea: "Karibu tule, mkwe mwenzangu."

Aliyepiga alikuwa mama yake Taghreed, Msudani, aliyekwama El Fasher, mji uliozingirwa miezi mingi, kabila likiwinda kabila, watu wakila mashudu ya karanga wanayolishwa ng'ombe. Jibu la adabu ni "Ahsante, kuleni." Sauti ikajibu: "Nimekaribia."

Taghreed aliishusha simu taratibu. "Mama hajui Kiswahili," alinong'ona.

Tangu hapo simu ya El Fasher haikupatikana, na kila adhuhuri nyumba ilinuka mashudu. Kiti cha mwisho kilijivuta, sakafu ikakwaruzwa, na pilau kwenye sinia ikapungua punje kwa punje, huku kukisikika kutafuna kwa pupa kunakotoka mbali, na hakuna aliyethubutu kuinua macho wala kumeza tonge lake mpaka kiti kirudi mahali pake. Bi Mahbuba aliogopa hadi usingizi ukampaa.

Siku ya kumi na mbili akamwita Maalim Murshid.

"Nnaogopa, Maalim. Nimemkaribisha mwenyewe."

"Basi umtoe mwenyewe. Mie ntasoma tu."

Taghreed akamshika mkono. "Ngoja, mama. Huenda kaja na habari za mama yangu."

Hakungoja. Ubani ulifuka, aya zikasomwa, naye Bi Mahbuba akasema: "Umeshakula. Nenda zako." Kiti kikaanguka, harufu ikakatika.

Kesho yake adhuhuri simu ikalia. Alikuwa mama yake Taghreed, sauti hafifu, kwa Kiarabu chake.

"Binti yangu, kuna mmoja akiniletea wali kila mchana, unanukia karafuu. Lugha yake siijui. Ndio ulioniweka hai." Akavuta pumzi. "Leo kaja mikono mitupu. Kakaa karibu yangu, ananitazama."

Bi Mahbuba alikwisha shika upawa, anapakua, anaita kwenye simu, kwenye kiti, mlangoni: "Karibu. Karibu tule."

Simu ilikatika. Pilau ikapoa bila kupungua hata punje moja.