Viti vya Ukumbi wa Maigizo

Haya yalimpata rafiki yangu Perla Magbanua, mwalimu wa maigizo katika sekondari moja mjini Iloilo, Ufilipino. Asubuhi alikuwa amemfokea mwanafunzi wake Ligaya mbele ya wenzake: "Sauti gani hiyo? Hata mbu anakushinda!" Darasa zima likaangua kicheko, binti akatoka analia.

Jioni, mvua ikimwagika na umeme umekatika, Perla alikwenda ukumbini kuchukua mavazi ya igizo la Krismasi. Gizani, kule jukwaani, akasikia kwikwi. Alikuwa Ligaya.

Uso ukamwaka Perla kwa aibu. Akapapasa hadi akamfikia, akapiga magoti. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha bure."

"Yameisha, Mwalimu," binti akanong'ona. "Lakini hao wengine si ungewaacha nje?"

"Wengine gani?"

Viti vya ukumbi ule ni vya kukunja. Mtu akiinuka, kiti hujifunga kwa kishindo. Perla hakuona kitu. Alisikia tu kiti cha nyuma kabisa kikijifunga, pa! Kisha cha pili, kisha safu nzima, na safu iliyofuata, zikija mbele, kama umati unaoinuka kimya kimya upate kumwona vizuri aliyepiga magoti.