Meno ya Sikudhani Hayakuwa Yanarefuka

Kila asubuhi, huku kwetu Msimbu, Sikudhani alisugua meno kwa unga wa mkaa na chumvi. Kisha alikaa barazani kusuka ukili wa mkeka. Majani ya milala aliyachana kwa meno ya mbele ya chini, kama marehemu mama yake.

Mama yule! Alisuka huku anaimba, na kitongoji kizima kilimsikia. Halafu meno yake ya chini yakarefuka, yakalegea, yakang'olewa. Mkeka wake wa mwisho ulibaki nusu, umeviringishwa juu ya kabati. Tuliambiwa ni uzee. Uzee gani wa miaka arobaini na mitano? Wang'oa meno waliokuja walikuja na koleo tu. Hakuna aliyekaa nasi akatueleza.

Sasa meno mawili ya Sikudhani yalirefuka vilevile. Maji ya baridi yalimchoma.

"Kayang'oe, dada," alisema mdogo wake, Latifu. "Utafanana na mama."

"Toka hapa! Mimi bado mbichi."

Siku hiyo jirani yao Faudhia, muuguzi wa meno Kibaha, alikuja kusalimia, akamkuta ameshika shavu.

"Shikamoo, dada. Hebu nione."

"Marahaba. Tazama yanavyoota!"

"Hayaoti. Fizi imeshuka, mzizi uko wazi. Unasugua kwa kitu gani?"

"Mkaa. Tena kwa nguvu, yasirefuke."

"Ndivyo unavyoikwangua fizi. Na milala inamalizia."

Sikudhani aliuweka ukili kando. "Na mama pia?"

"Huenda, dada."

"Basi ning'oe?"

"Hapana! Daktari atasafisha kwanza ugaga, huo uchafu ulioganda menoni. Kisha atakupiga ganzi, atachukua kipande chembamba cha nyama ya kaakaa, akishone juu ya mzizi."

"Nyama ya juu ishonwe chini? Mmenigeuza kanzu!"

"Kiraka chako mwenyewe. Pengine hakitafunika mzizi wote, lakini kitalilinda jino."

Sikudhani alikwenda Kibaha, akapasuliwa. Wiki mbili alikula uji wa vuguvugu. Pale paliposhonwa hakupasugua, alisukutua dawa aliyopewa. Hakuvuta mdomo kujitazama. Nyuzi zilipotolewa, fizi ilikuwa imeshika.

Siku hizi mkaa ni wa jikoni. Anatumia mswaki laini na dawa ya meno, taratibu. Milala anachana kwa wembe.

Mwezi uliopita aliushusha mkeka wa mama, akaendelea pale alipoishia. Ukili wa mama umefifia, wake bado unang'aa. Latifu alitaka kuukalia.

"Huo hukalii," alisema Sikudhani, akicheka meno yote nje, "mpaka na wewe ukapimwe fizi."