Kadi Zisizotaka Unyevu

Wajukuu na majirani zangu, sogeeni niwasimulie ya nyumba ya Machibya, kule Ilemela juu mawe­ni. Ilikuwa nyumba tulivu. Kila asubuhi mkewe, Teodora, aliweka jagi la maji kando ya kitanda cha binti yao Queen, mwenye miaka sita. Mtoto yule alizaliwa na selimundu, na mwenye selimundu akikaukiwa maji, damu hukwama na mifupa humuuma vibaya.

Machibya alimpenda binti yake, msidhani vingine. Aliwahi kumbeba mgongoni kutoka kliniki, mvua ikinyesha, koti lake akamfunika yeye. Ila alizipenda pia kadi za mpira wa kikapu zenye picha za wachezaji wa ng'ambo, hasa zile za nadra zinazochanganywa chache chache ndani ya pakiti za kawaida. Unyevu wa ziwa lililokuwa jirani aliuogopa, maana hukunja kadi.

Jumamosi moja Teodora alikwenda msibani Misungwi. Alimwachia mumewe agizo moja: mtoto anywe maji kila mara, hata asipoomba. Machibya akaitikia. Kisha rafiki yake Lukman akaja kutoka Buhongwa na seti yake ya nadra, wazilinganishe. Meza yenye mwanga mzuri ilikuwa chumbani kwa Queen, naye amejilaza kitandani. Machibya akafunga dirisha, akazipanga kadi, akalipeleka jagi barazani ili tone lisije likarukia mezani.

Hapo ndipo ubaya ulipoingia, tena kwa mkono wa baba mwenyewe.

Lukman alisema seti yake ndiyo adimu, kwa kuwa kila kadi imepigwa namba, ishirini na tano tu kwa kila mchezaji. Machibya akasema namba si kitu. Za kwake zilipatikana moja katika pakiti mia mbili, na kingo zake zilizochongwa huchubuka upesi, hivyo nzima zimebaki chache.

"Lakini kaka, kwenye seti yako hata mkaa benchi yumo," Lukman akamtania.

"Na zako zinang'aa kama sufuria ya bibi harusi."

Wakacheka. Bati likazidi kuwaka joto.

"Baba, kiu," Queen akasema.

"Maji yako barazani, mama. Kanywe huko huko, usije nayo humu."

Mtoto alijaribu kushuka kitandani, mifupa ikamuuma. Akajilaza tena, akanyamaza. Machibya aliusikia ukimya ule, akaushukuru.

Saa tisa jirani yao, Bi Sada, alibisha hodi na bakuli la uji, kama alivyozoea Teodora akisafiri. Akaona macho ya mtoto yamekuwa manjano na midomo imepasuka. Hakumgombeza mtu. Alimbeba Queen, akamsemesha taratibu mpaka kwenye bajaji.

Hospitalini waliuokoa uhai wake, Mungu ashukuriwe. Lakini damu ilikuwa imekwama kichwani, na mkono wa kulia haukuamka tena. Teodora alipofika, aliuliza swali moja tu.

"Alikuomba?"

"Aliniomba," Machibya akajibu.

Mafunzo

Simlaumu mtu kwa kupenda kitu chake. Lakini ukijiona unaondoa haja ya mtoto ili kitu chako kipate nafasi, simama hapo hapo. Mgonjwa mdogo hana nguvu za kuomba mara mbili. Na akinyamaza, usifurahi, inuka ukamtazame.