Bwana Najua na Swichi ya Mashine

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini wateja walishalisahau. Walimwita Bwana Najua. Ukimwambia mahindi yako yana unyevu, anasema, "Najua." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anajibu, "Itanyesha, najua." Ukimwambia ana unga puani, anasema hilo nalo analijua, na hajifuti.

Kazi waliifanya watu watatu. Binti yake alipima mahindi kwenye mizani. Bwana Najua alikaa chumba cha mbele, karibu na swichi. Mkewe alikuwa chumba cha nyuma, kwenye mashine yenyewe, na ndiye aliyeielewa milio yake yote. Ukuta uliwatenganisha mume na mke, kwa hiyo siku nzima walizungumza kwa kupiga kelele.

Asubuhi moja unga ulianza kutoka kwa kujivuta. Mahindi ya mteja hayakuwa makavu, yakaziba chekeche, lile bati lenye matundu linalochuja unga.

"Zima!" mkewe akaita. "Nasafisha chekeche."

Bwana Najua akazima. Mkewe akafungua kifuniko, akaingiza mkono na brashi ya mti. Mbele foleni ilikuwa ndefu, na wateja walianza kunung'unika. Bwana Najua alisikia brashi ikikwangua. Kisha ikanyamaza. Kisha akasikia mlio wa chuma. Akawasha.

Mkewe alikuwa ameutoa mkono ili apige chafya. Chafya hiyo ndiyo iliyouokoa. Brashi aliyoiacha ndani ilisagwa, na vipande vyake vikaruka hadi ukutani.

Bwana Najua alizima, akakimbilia nyuma. Alimkuta mkewe amekaa sakafuni, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anavitazama vidole vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

"Nilijua umemaliza!" alisema.

"Ulijuaje?"

"Nilijua tu."

"Basi jua na hili," alisema mkewe. "Humu sirudi tena."

Hakuwa anatania. Mashine ilinyamaza mchana kutwa, wateja wakabeba mahindi yao kwenda kwingine. Mwanamke alikuwa na haki. Mkono haununuliwi dukani.

Jioni binti alikwenda kumwita jirani yao, mama mmoja fundi umeme wa kiwandani. Fundi aliitazama swichi, akaona ni nzima. Akavuta kiti.

"Kaka, hebu nieleze polepole. Kabla hujawasha, ulisikia nini?"

"Brashi ilinyamaza, dada. Kisha kifuniko kikafungwa."

"Ulikiona kikifungwa?"

"Nilisikia chuma."

"Ilikuwa spana," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Niliigonga kwa kiwiko, ikaanguka."

Bwana Najua akakuna kichwa.

"Kwa hiyo ulichokijua ni kwamba chuma kimelia, basi," alisema fundi. "Kwamba ni kifuniko, ulikisia. Kwamba mkeo amemaliza, ulidhani. Na kwa vile foleni ilikuwa ndefu, ulitamani awe amemaliza. Yote hayo ukayaita kujua."

"Lakini dada, si watu wote tunasema hivyo? 'Nilijua umeshakula.' 'Nilijua umelala.'"

"Tunasema, hata mimi nasema. Kwenye chakula hakuna neno, ukikosea mtu anapakuliwa. Kwenye mashine unamkata mtu mkono. Mambo ya kichwani hayafanani, kaka. Kuna ulichokiona kwa macho. Kuna ulichoambiwa. Kuna unachokumbuka, na kumbukumbu nayo hudanganya. Kuna kuhisi tu, na hujui kwa nini. Ukikiita kila kitu kwa jina lake, mwenzako anapata nafasi ya kukusahihisha. Ungeita, 'Nadhani umemaliza,' angejibu nini?"

"Angejibu, 'Bado,'" alisema binti.

"Umeona? Lakini ukishajiambia unajua, huulizi tena."

"Na kama sina hakika?"

"Unasema sijui. Halafu unakwenda kuona."

"Sijui," Bwana Najua alijaribu kusema. Neno hilo lilikuwa geni kinywani mwake.

Kesho yake fundi aliweka kufuli kwenye swichi kuu. "Maneno peke yake hayatoshi, maana mtu huchoka akasahau," alisema. "Anayesafisha ndiye anayezima na kufunga, na ufunguo anautia mfukoni mwake."

Mkewe alirudi kazini kwa sharti hilo. Lakini ufunguo hakumpa mumewe hata mara moja. Kila alipomaliza kusafisha, alitoka mwenyewe, akafungua, akawasha, akarudi nyuma bila kumtazama. Hilo lilimuuma Bwana Najua kuliko hasara ya wateja.

Akaanza kujizoeza.

"Unga wangu utakuwa tayari saa ngapi?" mteja alimuuliza.

"Nadhani mchana. Kwa hakika, sijui."

Mteja akamkodolea macho. "Bwana Najua, unaumwa?"

Siku moja chekeche likaziba tena. Mkewe akazima, akafunga kufuli, akaingia nyuma. Brashi ikakwangua, kisha kukawa kimya. Foleni ilifika hadi nje.

"Keshamaliza huyo," alisema mteja mmoja. "Mwambie aje afungue, tunachelewa."

"Umemwona?"

"Si kimya?"

"Kimya hata mimi nakisikia. Kama amemaliza, sijui. Ngoja nikaone."

Foleni nzima ikacheka. Bwana Najua akauzunguka ukuta. Mkewe alikuwa ameingiza mkono hadi kiwiko, amebana pumzi, anachomoa jiwe lililokwama ndani.

"Umefuata nini?" aliuliza. "Ufunguo ninao."

"Nilidhani umemaliza. Nimekuja kuona."

Mkewe akamtazama. Akalitoa jiwe, akarudisha chekeche, akafunga kifuniko na kukaza nati zake. Kisha akatia mkono mfukoni, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Kawashe," alisema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa najua," alisema Bwana Najua, akaenda kuwasha.