Pikipiki Iliyofia Kizil-Art

Walikutana wakigombea tairi. Ilikuwa sokoni Osh, kwenye makontena ya vipuri, watu wamebanana na kila muuzaji anapiga kelele zake. Burul ameshika upande mmoja wa tairi la mwisho la pikipiki kubwa, na kijana mrefu mwenye kofia nyeupe ya sufu ameshika upande wa pili.

"Kaka, niachie. Nimeliona mimi kwanza."

"Macho yako yametangulia, lakini mkono wangu ndio uliofika."

"Huna adabu!"

"Ninayo, nimeiacha nyumbani Murgab. Twende ukaichukue."

Burul alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka. Alikuwa amevaa koti la ngozi na kitambaa chekundu kichwani, grisi imemganda shavuni, na kijana akamwambia grisi ile inampendeza kuliko wanja. Tairi alilichukua Burul. Kijana, jina lake Sagin, aliondoka na namba ya simu.

Kazi yao ilikuwa moja. Wageni wanaokatiza Asia nzima kwa pikipiki walifika kwa Burul awapangie kuvuka mlima wa Kizil-Art kuingia Tajikistan, na Sagin akawapokea upande wa pili, kwao Murgab. Penzi likanoga. Kisha serikali mbili zikagombana, mpaka ukafungwa. Mgeni alipita, mradi jina lake liwe kwa askari wa pande zote mbili siku ileile. Mwenyeji, marufuku. Basi Burul akawa anamvusha Mjerumani, anamvusha Mkorea, anamvusha kila mwenye pasipoti ya mbali, na mpenzi wake mwenyewe hamwoni. Uchungu gani huo, jamani!

Wakabaki na simu.

"Sagin, wanakuja Ijumaa."

"Nani?"

"Usijifanye mjinga. Ile familia ya Nookat inayotaka kuniposa. Mama yao anakuja na hereni. Baba amechoka kungoja, anasema mama yako hajatia mguu kwake hata siku moja."

"Atautiaje? Apande tai?"

Kwao, msichana huwa mchumba wa mtu pale mama wa mwanamume anapomvisha hereni kwa mikono yake mwenyewe. Mambo ya simu, wazee hawayatambui.

"Sema neno basi, Sagin!"

Upepo wa Murgab ukavuma ndani ya simu.

"Kama wanakuja, waje. Utazeeka ukilingojea geti la mpaka."

"Yaani umenichoka."

"Sijasema hivyo."

"Umesema!" Akakata simu, akalia mpaka kitambaa kikalowa.

Kulipokucha alikuwa na wazo, na lilikuwa wazo la mtu aliyekata tamaa. Mgeni akiharibikiwa kule juu, katikati ya vituo viwili, askari wa kila upande humruhusu aliyempangia safari aingie na gari kumtoa. Hawataki maiti kwenye theluji. Burul akamwendea Mzee Jevdet, Mturuki mwenye masharubu, aliyekuwa avuke Jumatano.

"Baba, nakuomba pikipiki yako ife."

"Ife?" Mzee akaweka chini kikombe cha chai. "Imenitoa Istanbul mpaka hapa bila kukohoa!"

"Ife kidogo tu. Katikati." Akamweleza yote, machozi yakimtoka bila haya.

Mzee akapangusa masharubu. "Mke wangu nilimzika mwaka jana, binti yangu. Itakufa. Itakufa mpaka uionee huruma."

Jumatano Burul akapiga simu kwa sauti ya kikazi. "Pikipiki imekufa katikati. Njoo na gari."

"Ina nini?"

"Sijui. Mimi si fundi."

"Haya. Nakuja." Sauti ya Sagin haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilimuuma Burul njia nzima.

Juu kulikuwa na tope jekundu na upepo wa kukata masikio. Mzee Jevdet amekaa juu ya jiwe, anatafuna mkate kando ya pikipiki yake marehemu. Gari la Sagin likatokea upande wa kusini, akashuka.

"Umekonda," akasema.

"Umekuja kunipima?"

"Nimekuja kuchukua pikipiki."

"Chukua basi uende zako! Mimi Ijumaa navishwa hereni. Ulisema waje! Nimedanganya askari, nimemlilia mtu nisiyemjua, ili uniambie neno lile usoni. Niambie!"

"Nilisema kwa kuwa nakupenda, Burul! Sikutaka uoze ukiningoja. Nikajilaani usiku kucha. Halafu unapiga unasema hujui pikipiki ina nini. Wewe? Unayesikia injini mbovu mtaa wa tatu? Hapo nikajua unaniita." Akafungua mlango wa pili wa gari.

Akashuka mama mzito aliyejifunga kilemba cheupe, anahema kwa shida.

Burul akashika mdomo. "Umemvushaje?"

"Nimewaambia askari ni fundi wa umeme."

"Wanakunywa maziwa ninayowapelekea wale," mama akasema. "Wakatae waone! Sogea, mwanangu, baridi hii isije ikaniua sijapata mkwe."

Akavua hereni za fedha masikioni mwake, akamvisha Burul kwa mikono yake mwenyewe. Zilikuwa baridi hadi zinachoma. Mzee Jevdet akawapa mgongo, akajifanya anatafuta spana.

"Sasa wewe ni wangu," mama akasema, na Burul akaangukia kifuani pake akilia kwa sauti.

Honi ikalia upande wa kaskazini. Askari walikuwa wamechoka kungoja.

Sagin akamshika Burul mikono. "Panda gari langu. Twende, potelea mbali!"

"Wamehesabu waliotoka, mpenzi. Nisiporudi watakufunga wewe, na mama yako nani atamtazama?"

"Nitaishije sasa?"

"Kama mimi," akasema Burul, akambusu, akaingia garini mwake. Nyuma yake pikipiki ya Mturuki ikafufuka mara moja tu ilipowashwa.

Aliposhuka hadi kijiji cha Sari-Tash mtandao ukarudi, akampigia baba yake.

"Baba, waambie watu wa Nookat wasije. Nimeshavishwa."

"Na nani?"

"Mama mkwe wangu. Kwa mikono yake."

Baba yake akavuta pumzi. "Na harusi lini?"

"Mpaka ukifunguliwa."

"Na usipofunguliwa?"

"Utanizika nimezivaa, baba."

Kisha akamsikia baba yake, mbali kidogo, akimwambia mkewe, "Yule kondoo msimchinje. Ijumaa hatuna wageni."