Sarafu Nne za Bibi

Sindano akitoka shule hakuwa na muda wa kuzurura. Alipitia bombani kujaza ndoo, akafagia chumba walichokaa yeye na mama yake, akabandika maharage jikoni, ndipo alipokaa kitandani na kulifungua kopo la bibi. Jina la Sindano alipewa na majirani kwa ajili ya wembamba wake, likamganda hata walimu wakalizoea.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, zito kama jiwe. Bibi alikuwa mkata tiketi stesheni kwa miaka mingi, na sarafu iliyompendeza hakuiachia. Aliweka nyingine ya kwake mahali pake na ile akaenda nayo nyumbani. Sasa alikuwa amekufa, yapata miezi mitatu. Mama alipomkabidhi Sindano kopo lile, alimwonesha sarafu nne za shaba zilizofungwa peke yake kwenye kitambaa cheusi.

"Kopo ni lako, alisema hivyo mwenyewe," mama alimwambia. "Lakini hizi nne ziache kwanza. Nitakueleza siku nyingine."

Siku nyingine haikufika. Mama alikuwa dobi wa hospitali, akirudi jioni mikono imechujuka kwa sabuni na mgongo haunyooki. Akishakula, usingizi humchukua palepale kwenye kiti. Sindano hakutaka kumsumbua.

Aliyemfundisha namna ya kutunza sarafu ni fundi saa, mzee mmoja mwenye meza ndogo kwenye baraza la duka la vitambaa. Alimwonesha jinsi ya kuishika sarafu ukingoni kwa vidole viwili, asije akaichafua kwa jasho. Alimfundisha kuiweka kila moja kwenye bahasha yake ya karatasi, na kuandika juu yake mwaka na mahali ilikotoka. Jambo alilolirudia mara nyingi ni kwamba asizioshe wala kuzisugua, maana ule weusi ni ngozi ya sarafu, ukiubandua, umeichuna. Sindano aliyasikia yote hayo, lakini alikuwa na swali moja tu: zina thamani gani?

"Sijui," fundi saa alijibu. "Nyingi hazina bei yoyote. Hizo nyingine nitamuuliza mtu anayezijua kuliko mimi."

Jibu lile lilimkatisha tamaa. Mtu gani anakaa na lenzi jichoni kutwa nzima, halafu anasema hajui? Isitoshe, shati la mzee lilikuwa na viraka viwili. Sindano aliwaza kwamba angekuwa anajua sarafu kweli, asingekuwa anavaa viraka.

Mjomba wake, ambaye ni kinyozi, hakuwa mtu wa kusema hajui. Kwenye kibanda chake cha kunyolea kila habari ilikuwa na majibu, kuanzia dawa ya mafua mpaka mshindi wa mechi ya kesho. Siku moja alimwita Sindano na kumwonesha video kwenye simu. Ndani yake jamaa mmoja mwenye mkufu mnene shingoni alisema, huku muziki ukipiga, kwamba sarafu nyeusi ni takataka, ila ikingʼaa ni mali. Izamishwe kwenye maji ya betri, kisha isuguliwe kwa waya wa kusugulia masufuria. Sindano aliuliza kama ni kweli. Mjomba alicheka na kumwambia atazame pale chini: watu laki mbili walikuwa wameitazama. Watu wote hao wangedanganywa?

Hoja ile ilimwingia, na ilimwingia upesi kwa sababu ndiyo aliyotaka kuisikia. Nyumbani alilitazama kopo. Akajiambia kwamba kama bibi alizifunga nne peke yake, basi hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote. Hilo hakuambiwa na mtu yeyote. Alilibuni mwenyewe, na kufikia kesho yake lilikuwa limeshageuka kuwa kweli kichwani mwake.

Alikwenda gereji na kumdanganya fundi betri kwamba ametumwa na mjomba. Fundi yule, mikono imejaa kazi, alimmiminia kidogo kwenye chupa na kumwonya kwamba mjomba wake asiyaguse kwa mkono mtupu. Sindano aliitikia, akaondoka mbio.

Alifanyia kazi yake nyuma ya bafu la uani, watu wote wakiwa makazini. Weusi ulianza kutoka, naye moyo ukamdunda kwa furaha. Alipoona sarafu zimekuwa nyekundu kama zimetoka kiwandani jana, alizitoa kwa vidole na kuzisugua kwa waya kwa nguvu zake zote. Vidole vilianza kuwasha. Kisha viliungua, kana kwamba ameshika kaa la moto na hawezi kulitupa. Alikimbilia ndoo, akachovya mkono, akautoa upesi, akaufunga kitambaa kabla mtu hajaja.

Jioni mama aliuona mkono, naye Sindano akasema amemwagikiwa na uji. Mama alimpaka mafuta ya watoto na kumwambia awe mwangalifu. Hakumshuku hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma Sindano kuliko kidonda. Usiku aliugeukia ukuta asionekane anavyotokwa na machozi.

Siku ya tatu kidole cha shahada kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi, na chumba kizima kilijaa harufu yake. Mama hakuuliza la pili. Alimshika mkono mzima na kumpeleka kule kule anakofulia mashuka, kwa muuguzi wa zamu aliyemfahamu. Muuguzi alifungua kitambaa, akatazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Sindano.

"Huu si uji," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi natibu kile ninachoambiwa. Ukinidanganya, nitatibu uongo, na kidole kitaoza."

Sindano alimtazama mama yake, akatazama sakafu, akasema yote: kopo, video, chupa, uongo wa gereji na uongo wa uji. Muuguzi alisema kwamba kama mkono ungewekwa chini ya maji mengi yanayotiririka siku ileile, pengine ungepona vizuri. Sasa ilibidi kukata nyama iliyokufa. Sindano alilia mpaka sauti ikakauka, mama amemkumbatia kichwa asione. Ukucha ulitoka na haukuota tena, na ncha ya kidole ilipona ikiwa imepinda.

Walipofika nyumbani siku ile, mama aliomba aoneshwe sarafu. Alizipanga pajani. Alizigeuza moja moja, akipitisha kidole gumba pale ambapo mwaka ulipaswa kuwepo. Sindano alisubiri kofi. Hakuna kofi lililokuja.

"Tulizaliwa wanne," mama alisema. "Mama mkubwa wako, mimi, mjomba wako, na mwingine wa mwisho, wa kiume. Kila mtoto alipozaliwa, bibi yako aliweka sarafu ya mwaka ule. Yule wa mwisho hakufikisha hata miezi mitano. Hakuwa na picha. Hakuwa na cheti. Alikuwa na hii."

Aliinua sarafu moja, ile ndogo kuliko wenzake. Ilikuwa laini kama kifungo cha shati.

Kesho yake waliongozana wote watatu, mjomba naye amefunga kibanda, mpaka kwa fundi saa. Mjomba alikuwa mnyonge. Usiku, baada ya kusikia yaliyotokea, aliitazama ile video mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, na kule mwisho jamaa wa mkufu alikuwa anauza dawa ya kungʼarishia vyuma kwenye vichupa. Alimwomba Sindano msamaha mbele ya watu. Fundi saa hakumsuta mtu. Aliweka lenzi jichoni, akailaza kila sarafu kwenye mwanga wa pembeni. Kwenye tatu aliweza kuisoma miaka, ingawa kwa shida. Ya nne aliigeuza na kuigeuza, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Hii haina kitu tena," alisema. "Siwezi kukudanganya."

Mama alisema haidhuru, yeye anaukumbuka mwaka, akautaja. Fundi saa aliuliza alikuwa na umri gani wakati ule. Alikuwa na miaka sita. Wakatazamana. Mama alikiri kwamba mtoto wa miaka sita anaweza kukosea, na kwamba aliyembeba mtoto yule hasa ni bibi mdogo, mdogo wa marehemu bibi.

Bibi mdogo walimkuta akichambua mchele. Alipoulizwa, alitaja mwaka uliofuata ule wa mama, na hakusitasita: ndio mwaka alioanza kazi kiwanda cha nguo, na siku yake ya kwanza kazini, mwezi wa Desemba, alikosa kwenda kwa sababu ya msiba ule; mtoto alizaliwa mwaka huohuo. Mama alimwomba, kwa adabu, kama ana chochote kinachoonesha. Kikongwe alikwenda chumbani na kurudi na kadi ya kazi iliyokunjika, mwezi na mwaka vimepigwa muhuri. Mama aliishika kadi muda mrefu. Miaka yote alikuwa akimkumbuka ndugu yake kwa mwaka usio wake.

Sindano aliandika bahasha ya nne kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umefungwa. Jumamosi alimpelekea fundi saa, naye akaisoma kwa sauti: "Mtoto wa nne wa bibi. Mwaka hausomeki kwenye sarafu, niliufuta mimi. Tumeujua kwa bibi mdogo na kadi yake ya kazi."

Mzee alivua lenzi na kumtazama.

"Yule wa kwenye simu alisema kwa uhakika kwa sababu alikuwa na cha kuuza," alisema. "Mjomba wako alimwamini kwa sababu ya wingi wa watu. Mama yako alikosea, na hakuwa na nia mbaya. Kwa hiyo usimpime mtu kwa sauti yake, wala kwa shati lake. Muulize amejuaje. Halafu ukatafute wa pili, umuulize vilevile. Na ukishakosea, sema mapema, kidole kikiwa bado kinatibika."

Sindano aliitikia. Kisha alimwomba amsomee tena mwaka wa sarafu ya mama yake, ili ahakikishe ameuandika sawasawa.