Rola Laini ya Bibi Rosina

Unywele wa kwanza Bertilla aliukata kwa mkasi, akautupa, akaendelea na kazi. Mtu anayesafisha makochi na magodoro ya watu mjini Sumbawanga hashtushwi na unywele. Ile brashi ndogo ya mota anayoichomeka mbele ya vakyumu, mashine yake ya kufyonza vumbi, hula nywele kama mbuzi kwenye majani mabichi: rola inazunguka, nywele zinajisokota, na kila baada ya kochi moja sharti uzime mashine, uigeuze brashi, uzikate. Kilichomfanya ainue uso ni kwamba unywele ule ulikuwa wa mvi, na katika nyumba ile ya mtaa wa Izia walikuwa wakiishi walimu wawili vijana, vichwa vyao vyeusi tii.

"Mna mgeni mzee hapa?" aliuliza.

"Hatuna, dada. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Kesho yake, kwenye kiti cha gari la mteja mwingine, zilitoka nywele tatu. Keshokutwa yake likatoka fundo zima, na lilipokatwa likatoa harufu ya majani ya mkaratusi yaliyochemshwa. Hapo mkasi ulimtoka mkononi, kwa maana harufu ile aliijua. Mama mkwe wake, Bibi Rosina, alikuwa akijifukiza kwa majani hayo kila jioni, na Bibi Rosina alikuwa na wiki tano tangu azikwe.

Hapa inabidi tuseme jambo ambalo Bertilla mwenyewe hakulisema. Bibi Rosina aliletwa mjini kutoka kijiji cha Mwazye, kifua kimembana, akihema kwa mluzi. Daktari alisema ni pumu, na vumbi la godoro ndilo linaloichokoza. Godoro lisafishwe kila wiki kwa mashine yenye brashi ndogo na laini. Mwanawe Valerian, dereva wa lori la kwenda bandari ya Kasanga, hakuuliza mara mbili. Alimtuma mkewe dukani.

Bertilla alichagua vizuri, hilo tusimnyime. Aliwekewa brashi mbili mezani. Moja ilizungushwa na upepo wa mashine tu, na alipoibonyeza kwenye kitambaa kizito ikasimama. Nyingine ilikuwa na mota yake, umeme ukipita ndani ya bomba la mashine, nayo haikusimama hata alipoikandamiza. Akaichukua ya mota. Ndani ya boksi kulikuwa na rola mbili za kubadilisha: ya nywele ngumu kwa mazulia na viti vya magari, na ya nywele laini kwa godoro la mtu anayelala na kifua kibovu.

Ile ngumu ndiyo iliyomponza. Jirani aliomba asafishiwe kochi, kochi likang'aa, maneno yakasambaa hadi mtaa wa Katandala, na Bertilla akawa fundi. Mashine ikawa inatoka asubuhi na kurudi jioni. Kubadilisha rola ni kazi ya dakika mbili, lakini akirudi alikuwa amechoka, na uongo hauchoshi. Rola laini haikutoka kwenye mfuko wake wa nailoni hata siku moja. Bibi Rosina, ambaye macho yake hayakuwa yakiona vizuri, aliuliza kila wiki kwa sauti yake ya mluzi:

"Mkamwana, umenisafishia godoro langu?"

"Nimesafisha, mama."

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Kumbe alichobadilisha ni shuka tu. Miezi saba. Mwezi wa Julai, upepo wa Ufipa unapokausha hata koo la ng'ombe, Bibi Rosina alibanwa mchana akiwa na mjukuu wake Anjela peke yake, wakati Bertilla amepiga magoti mbele ya kochi la mtu asiyemjua hata jina.

Siku ya pili baada ya maziko, ndugu wote wakiwa kanisani kwenye Misa ya marehemu, Bertilla alibaki kuangalia masufuria. Alijua wifi yake Avelina angelala chumba kile usiku huo, na Avelina ni mtu wa kukung'uta kitu kabla hajakikalia. Alijua pia, kama anavyojua kila mwanamke wa ukoo ule, kwamba nyumba ya msiba haifagiliwi mpaka matanga yaanuliwe. Alisimama mlangoni, akajiambia: hii ni mashine, si ufagio. Akaingia, akaichomeka kwenye umeme, akalisugua godoro kwa ile rola ngumu, akilia. Kikombe cha vumbi kilijaa mara mbili, vumbi laini kama unga wa ulezi, na nywele za mvi zikiwa zimejisokota humo. Akalimwaga chooni. Rola laini akaificha nyuma ya kabati la jikoni ili asiulizwe kwa nini haijawahi kufunguliwa.

Sasa nywele zilikuwa zinarudi, na Bertilla hakuthubutu kumwambia mtu. Aliacha kwenda kwa wateja, akaifungia mashine chumbani kwa marehemu na ufunguo akauweka kifuani. Wakati huo Valerian alikuwa Kasanga akisubiri mzigo.

Siku aliyorudi, saa nane mchana, umeme ulikatika mtaa mzima. Walikuwa wanakula. Redio ya jirani ilinyamaza, mashine ya kusaga ikanyamaza, na ndani ya ukimya ule wakasikia mota ndogo ikiunguruma nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mama Anjela," Valerian alinong'ona, "nini kinalia?"

"Sijui."

"Si ile brashi yako?"

"Umeme hakuna, baba Anjela. Itakuwaje iwe brashi?"

Alichomoa ufunguo kifuani, akampa. Mlango ulipofunguka harufu ya mkaratusi iliwapiga usoni, nzito na ya moto kama sufuria imeepuliwa sasa hivi, na waya wa mashine ulikuwa umelala sakafuni, plagi yake ikiwa mbali na ukuta, lakini brashi ilikuwa juu ya godoro ikienda na kurudi polepole, ikienda na kurudi, bila mkono wa kuisukuma, na kila ilipofika katikati ya godoro, pale ambapo sponji lilikuwa limebonyea kama mtu amelala chali, ile mota ilibadilika sauti, ikaacha kuunguruma ikaanza kuhema, ikavuta pumzi kwa mluzi na kuitoa kwa mluzi, mpaka ndani ya pumzi ile yakatokea maneno ambayo Valerian aliyasikia nusu na Bertilla akayasikia yote.

"Mkamwana, umenisafishia..."

Bertilla alianguka magoti. Alitamani kusema hapo hapo, mama nisamehe, sikusafisha hata mara moja. Badala yake akafanya ishara ya msalaba.

Avelina ndiye aliyemleta Bi Salome wa kijiji cha Mollo, mganga ambaye shambani analima mahindi kama wengine na rozari haimtoki shingoni. Alikuja na ungo na ufagio wa nyasi.

"Shikamoo, Bibi," wote watatu walimwamkia.

"Marahaba. Msimsingizie marehemu," alisema, akiwa bado hajakaa. "Mama yenu amepumzika. Hili ni jini. Limekuta mlango wazi, likaingia, likavaa sauti yake. Nani alifungua mlango?"

Bertilla aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Lete kila kitu cha mashine hiyo, kisibaki hata kipande. Halafu useme kwa mdomo wako, mbele ya watoto wake, ulichofanya na sababu yake. Nitafagia vyote. Ukibakiza kitu, na lenyewe litabaki."

Bertilla alileta mashine, bomba, brashi na waya. Alipita mbele ya kabati la jikoni mara mbili. Mkono wake uligusa nailoni, ukarudi. Alijiona mchafu kuliko godoro lile, na bado mkono ukarudi.

"Nilisafisha godoro la mama siku za msiba," alisema kwa sauti ndogo. "Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Nisameheni."

"Sababu?" aliuliza Bi Salome.

Kabla hajajibu, Valerian alimshika bega, macho yamemjaa machozi. "Sababu naijua mimi. Alimsafishia mama kila wiki, Bibi. Kila wiki! Mama mwenyewe alikuwa ananiambia kwenye simu. Hakuweza kumwachia vumbi hata alipokuwa marehemu."

Avelina akaangua kilio, akamkumbatia. "Wifi yangu, nisamehe. Mimi nilikuwa nakuwazia mabaya."

Bi Salome hakulia. Alimtazama Bertilla.

"Ni hivyo?"

Neno moja tu lilitakiwa. Bertilla aliutazama uso wa mumewe, akaona anavyopendwa kwa kazi asiyoifanya, na akashindwa kulitoa.

"Ni hivyo, Bibi."

"Na vyombo ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

Bi Salome alifagia chumba kuanzia ukutani hadi mlangoni, akaomba kwa Kifipa na kwa Kiswahili, na ufagio ulikusanya nywele za mvi ungo mzima. Walizichoma pamoja na brashi nje ya mji. Moshi ulilia kwa mluzi, kisha ukakatika. Akiondoka, mganga alikataa soda na kuku aliyechinjiwa. "Nitakula siku kazi ikiisha," alisema, na Valerian akadhani mama huyo anatania.

Wiki tatu zilipita kimya. Bertilla alianza kulala. Alijiambia kwamba marehemu hafufuki kwa kuungama, kwamba Valerian ana amani, na kwa nini amharibie? Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mficha maradhi huwa wa mwisho kuikumbuka methali hiyo.

Asubuhi ya Jumamosi, Valerian akinyoa ndevu uani, Bertilla alisikia mluzi mwembamba kutoka chumba cha marehemu. Aliukuta mlango wazi. Anjela, binti yake wa miaka sita, alikuwa ameketi katikati ya godoro la bibi yake, mabega yakipanda na kushuka, midomo imeanza kuwa ya bluu. Pembeni yake ulikuwa mfuko wa nailoni uliochanwa. Mkononi alishika ile rola laini, mpya, ambayo haikuwahi kugusa kitambaa chochote, na rola nzima ilikuwa imeviringishwa nywele za mvi.

"Anjela! Umeitoa wapi hiyo? Njoo kwa mama!"

Mtoto aliendelea kulipapasa godoro kwa rola, taratibu, kwa upole, kama inavyotakiwa kufanywa. Nyuma yake Bertilla alisikia ndala za mumewe zikikaribia mlangoni. Anjela akainua macho yasiyoona vizuri.

"Mkamwana," alisema, akivuta pumzi kwa mluzi, "leo mwambie mwanangu. Umenisafishia godoro langu?"